Mmesafisha wadi lakini mdudu anarudi: tafuta kwanza anakokaa

Hii ni kwa wale mnaobeba lawama za usafi wa wadi, manesi wakuu wa wadi, watu wa IPC (kinga na udhibiti wa maambukizi), wasimamizi wa usafi, mafundi wa vifaa tiba, yani yeyote ambaye ameshawahi kuletewa karatasi ya maabara ina jina refu la bakteria alafu anaulizwa "sasa mnafanyaje?". Mara nyingi kinachofanyika ni watu kukimbilia kuongeza ukali wa dawa, klorini inamwagwa mpaka macho yanawasha, hali inatulia kidogo, wiki mbili tatu mbele mdudu yuleyule karudi. Msimamo wangu ni huu, usiguse ndoo kwanza. Soma jina la mdudu, angalia wagonjwa gani wamempata na walitumia vitu gani, ndo uende kumtafuta, maana kila mdudu ana sehemu anazopenda na ana dawa ambazo hazimtishi.

Anza na jina

Kwa kazi ya kutafuta chanzo mimi nawagawa mafungu matatu, sio mgawanyo wa kitabuni ila unakuonyesha uanzie wapi. Fungu la kwanza ni wanaovumilia ukavu: Staphylococcus aureus pamoja na ile sugu tunayoiita MRSA, Enterococcus, na Acinetobacter. Hawa wanakaa kwenye reli ya kitanda au kitufe cha mashine ikiwa kavu kabisa na bado wako hai, Staph aureus ameshaonekana kuishi mpaka miezi 7 kwenye vitu vikavu na Acinetobacter mpaka miezi 5, kwaiyo ile kauli ya "kitanda kimekaa wazi wiki nzima, wadudu wameshajifia" haina mashiko. Fungu la pili ni wapenda maji, Pseudomonas, Serratia, Burkholderia, Stenotrophomonas, na siku hizi Klebsiella na Enterobacter sugu ambao wamehamia kwenye mabomba ya maji machafu. Ukiona hawa, kupiga deki peke yake hakutakusaidia, tafuta penye maji. Fungu la tatu ni wenye spora, Clostridioides difficile yule wa kuharisha, na Bacillus. Spora ni ganda gumu, mdudu anajifungia humo anasubiri, na spiriti haimfanyi chochote.

Ukishajua fungu, chukua karatasi chora wadi. Weka vitanda, masinki, meza ya kuandalia dawa, weka tarehe kila mgonjwa alipokutwa na mdudu, na pembeni andika kila mmoja alitumia mashine gani. Inachukua muda mfupi tu na unaokoa kazi ya mwezi. Wagonjwa waliopakana kitanda kwa kitanda wanakupeleka kwenye mikono na vitu vinavyozunguka, wagonjwa waliotawanyika lakini wote wamepita kwenye mashine moja wanakupeleka kwenye hiyo mashine, na kitanda kimoja ambacho kila anayelala anaambukizwa, hapo kagua kitanda chenyewe, godoro, na sinki iliyo karibu nacho.

Sakafu inang'aa lakini MRSA au Acinetobacter anahama kitanda hadi kitanda

Hii ndo malalamiko namba moja na ndo inayobishaniwa sana, maana kila mtu anaona wadi ni safi. Tatizo sakafu ndo inasafishwa vizuri kuliko kitu kingine chochote na sakafu ndo mkono hauigusi. Mkono unagusa reli ya kitanda, meza ya mgonjwa, swichi ya taa, kengele ya kumuita nesi, kitasa cha choo, vitufe vya pampu ya dripu, kibodi ya kompyuta, simu ya wadi, pazia.

Sababu ya kwanza kabisa ya kuichunguza: kitu hakina mwenyewe. Chukua stendi ya dripu. Msafishaji anasema ile ni kifaa tiba mimi siruhusiwi kugusa, nesi anasema usafi sio kazi yangu, na stendi inazunguka wadi nzima ina matone makavu kwenye mguu. Mkanda wa mashine ya presha ndo hivyohivyo, unafungwa mkono wa huyu unafungwa mkono wa yule, ndani una jasho la watu wote. Kipima sukari, kipima oksijeni cha kidoleni, kipima joto, mizani, kiti cha magurudumu. Jinsi ya kujua kama hili ndo tatizo lako ni rahisi, simama katikati ya wadi, nyoosha kidole kwenye kitu kimoja kimoja alafu muulize nesi na msafishaji kila mmoja peke yake "hiki anasafisha nani na lini?". Wakikupa majibu mawili tofauti jua hakuna anayesafisha. Andikeni orodha, kila kitu na mwenye nacho, ibandikwe ukutani.

Na dokta usijitoe. Mwaka 2014 watafiti wa Geneva walipima mikono ya madaktari na stethoskopu zao baada ya kumpima mgonjwa, wakakuta ile sehemu bapa inayogusa ngozi imezidiwa uchafu na ncha za vidole tu, ila imechafuka kuzidi sehemu nyingine za mkono. Mkono unapakwa sanitaiza, stethoskopu inarudi shingoni na safari inaendelea.

Sababu ya pili ni kitambaa. Kitambaa kimoja kikianza kitanda cha kwanza kikamalizia kitanda cha sita hicho hakisafishi, kinasambaza. Anachotakiwa kufanya mtu ni kukunja kitambaa katikati mara mbili kiwe robo, anapata nyuso nane, anatumia uso mmoja kwa eneo moja alafu anageuza, zikiisha kinaenda kwenye kufuliwa na anachukua kingine. Kilichotumika hakirudi ndoani. Na mwelekeo ni kutoka pasafi kwenda pachafu na juu kwenda chini, choo ni cha mwisho siku zote. Nimeshaona watu wanaanza na choo "ili tumalize kazi ngumu kwanza", nia nzuri, matokeo mabaya.

Sababu ya tatu ni muda wa dawa kukaa ikiwa mbichi. Kila dawa ina muda wake wa kuua, soma kibandiko, inaweza kuwa dakika 1, inaweza kuwa 10, na muda huo unahesabiwa sehemu ikiwa imelowa. Ukipitisha kitambaa kikakauka ndani ya sekunde 20 kwa sababu feni inapuliza au kitambaa kimekamuliwa sana basi umepaka harufu tu. Kupima ni hivi, pitisha dawa kama kawaida yako, washa saa ya simu, tazama lini panakauka. Pakiwahi kukauka, lowesha zaidi au rudia, wala huhitaji dawa kali zaidi.

Ya nne ni glavu. Mtu akishavaa glavu anajiona yuko salama yeye, na ni kweli yeye yuko salama, lakini anamgeuza mgonjwa, anabonyeza pampu, anavuta pazia, anaandika kwenye faili, anashika kitasa, glavu ileile. Hapo hata mkisafisha mara tano kwa siku mnafukuzana na mtu mmoja mwenye glavu.

Kama yote hayo mko sawa na bado kitanda kilekile kinaambukiza kila anayelala, fungua godoro. Sio kuangalia juu, fungua zipu uangalie ndani. Kifuniko kikiwa na tundu hata dogo la sindano, mkojo na damu vinaingia kwenye sponji na hapo hakuna dawa ya kupangusa itakayofika. Jaribio la haraka, weka karatasi ya tishu ndani chini ya kifuniko, mimina maji kidogo juu, bonyeza kwa ngumi mara kadhaa, alafu itoe tishu. Ikilowa kifuniko kibadilishwe, na sponji ikiwa imeshapata madoa godoro zima litupwe. Kuziba na plasta ya dripu haikubaliki, najua inafanyika.

Ili kujua kama sehemu zinaguswa kweli na kitambaa kuna kalamu za wino usioonekana ambao unawaka chini ya taa ya UV. Weka alama jioni kwenye kifungio cha reli, chini ya ukingo wa meza, nyuma ya kitasa, bila kutangaza, asubuhi baada ya usafi rudi na taa. Alama ikiwepo vilevile hapakupitiwa. Msitumie matokeo kufukuzia watu kazi, mkifanya hivyo mara ya pili watu wataanza kutembea wakitafuta alama badala ya kusafisha.

Pseudomonas au Klebsiella sugu anajitokeza, anapotea, anajitokeza tena

Hii ya kupotea na kurudi kwa miezi ni dalili ya sinki. Chini ya sinki kuna kile kiwiko cha bomba kinachobaki na maji muda wote ili harufu isipande, na humo bakteria wanajenga utando, ule utelezi kama wa ndani ya ndoo ya maji isiyosuguliwa muda mrefu. Ndani ya utando wanakula, wanazaliana, wanapeana hadi vinasaba vya usugu wa dawa. Maabara zimeonyesha E. coli aliyewekwa kwenye kiwiko akipewa chakula anapanda bomba kuja juu kama sentimita 2.5 kwa siku, akifika kwenye chujio la sinki maji ya bomba yakimpiga anaruka na matone. Matone yanaweza kufika karibu mita 1 kutoka kwenye sinki. Sasa pima kutoka kwenye sinki yenu mpaka meza mnayochanganyia dawa za sindano.

Chakula anapata wapi? Kwetu sisi. Nesi amebakiwa na robo chupa ya dripu ya sukari, mahali pa karibu ni sinki, anamimina. Maziwa ya mtoto yaliyobaki, sinki. Chai ya mgonjwa, sinki. Maji ya kumwogeshea mgonjwa, sinki hiyohiyo. Ukisimama pembeni saa moja tu bila kusema kitu utaona mwenyewe.

Kwaiyo mkipata mdudu wa fungu hili chukueni swabu (kijiti cha pamba cha kuchukulia sampuli ya maabara) kwenye chujio na ndani ya kiwiko, sio kwenye bakuli la sinki peke yake maana bakuli mara nyingi linatoka safi. Mkimkuta, kumwaga klorini mle kutampunguza siku chache tu, utando unamlinda na waliobaki wanajaza nafasi. Kinachosaidia ni mchanganyiko wa mambo: kiwiko kibadilishwe, sinki ya kunawa iwe ya kunawa tu na kuwe na sehemu nyingine ya kumwaga, vitu vya mgonjwa visikae ndani ya mita 1 au kuwe na kizuizi pembeni, na fundi aangalie kama maji ya bomba yanadondoka moja kwa moja kwenye tundu, yakidondoka hivyo ndo yanarusha zaidi, yanatakiwa yagonge pembeni ya bakuli. Na hata mkibadilisha kiwiko bila kubadilisha tabia ya kumwaga, mdudu atarudi kupitia bomba la ukutani, hilo msishangae.

Bomba na bafu ambazo hazitumiki nazo ni mtego, maji yakilala kwenye joto la vuguvugu, kuanzia nyuzi 25 mpaka 45 hivi, Legionella anastawi. Fungulieni maji yatiririke angalau kila wiki, na maji ya moto kwenye tangi yasishuke chini ya nyuzi 60.

Watoto wachanga au wagonjwa wa oksijeni wanapata nimonia ya wadudu wa maji

Nenda moja kwa moja kwenye chupa ya maji ya oksijeni, ile inayotoa mapovu. Itoe, ishike kwenye mwanga. Utaona mstari pale maji yalipokuwa jana na mwingine wa juzi, maana yake maji yanaongezwa juu ya maji. Pitisha kidole na glavu ndani ya ukuta wa chupa, pakiteleza umempata. Maji ya chupa hiyo ni maji tiba yaliyotakaswa, sio ya bomba, hayaongezwi, yanamwagwa yote, chupa inaoshwa, inatakaswa, INAKAUSHWA alafu ndo inajazwa mapya. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu kukausha ndo hatua inayorukwa kila mahali. Chupa ikitoka kwenye dawa ikasuuzwa na maji ya bomba ikafunikwa ikiwa imelowa, mmemrudishia Pseudomonas nyumba yake. Na ukweli ni kwamba oksijeni ya kasi ndogo kupitia puani kwa mtu mzima mara nyingi haihitaji kabisa hiyo chupa, kwaiyo sa ingine suluhisho ni kuiondoa.

Kanuni ni hiyohiyo kwa nebulaiza (mashine ya kuvutia dawa kwa mvuke), chupa ya mashine ya kunyonya makohozi, mipira ya ventileta (yale maji yanayojikusanya kwenye mpira yamwagwe kuelekea mbali na mgonjwa), inkubeta yenye tangi la maji, na pampu za maziwa ya mama. Jeli ya ultrasaundi pia: chupa kubwa inajaziwa chupa ndogo miezi na miezi haioshwi, na hata jeli mpya kiwandani imeshakutwa na Burkholderia. Kwa kazi inayoingia mwilini au karibu na sindano tumieni pakiti ya mara moja iliyotakaswa.

Kuna kisa maarufu kinachoonyesha mashine inaweza kuchafua bila kumgusa mgonjwa. Mashine za kupasha na kupoza damu wakati wa upasuaji wa moyo zina matangi ya maji, maji hayagusi damu kabisa, lakini feni yake ilikuwa inatoa mvuke wenye Mycobacterium chimaera mpaka kwenye kidonda kilicho wazi. Ilianza kugundulika Uswisi, wagonjwa wengine waliugua miaka kadhaa baada ya upasuaji. Kwaiyo ukiona mashine yoyote yenye maji na feni jiulize feni imeelekea wapi.

Wagonjwa wanaharisha, mnapaka sanitaiza kwa sana, hali ndo inazidi

C. difficile. Sanitaiza ya spiriti haiui spora, mikono inaoshwa kwa maji na sabuni ili spora ziondoke kwa kusuguliwa na maji. Vitu na choo visafishwe na sabuni kwanza, alafu klorini au dawa nyingine ambayo kibandiko kinasema wazi inaua spora. Dawa nyingi za kupangusia zinazonukia vizuri haziui spora, angalia kibandiko tena. Mgonjwa akitoka usafi wa mwisho uwe mzito, pazia lishushwe, vitu vya karatasi na vilivyofunguliwa vitupwe, maana anayefuata kulala chumba hicho ana hatari kubwa zaidi ya kumpata mdudu wa aliyetangulia. Hilo limeonekana pia kwa MRSA na Enterococcus sugu.

Mnatumia dawa lakini swabu zinazidi kuwa chafu baada ya kusafisha kuliko kabla

Inachekesha ila ipo sana. Hapa mshtakiwa ni ndoo, mopu au dawa yenyewe.

Klorini kwanza. Klorini inaliwa na uchafu, damu, kinyesi, hata vumbi jingi, kwaiyo ndoo ikishabadilika rangi hiyo sio dawa tena ni maji machafu yenye harufu. Pia inakufa kwa jua na joto. Ndoo iliyochanganywa jana isitumike leo, na dumu kubwa lisikae dirishani. Kama inamwagwa "kwa kukadiria" basi kila zamu ina nguvu yake. Hesabu ni hii: gawanya asilimia iliyoandikwa kwenye dumu kwa asilimia unayotaka, toa 1, unapata sehemu za maji. Dumu la asilimia 5 ukitaka 0.5 ni 5 gawanya 0.5 unapata 10, toa 1, kwaiyo sehemu 1 ya klorini na 9 za maji, hiyo ni ya damu na majimaji ya mwili yaliyomwagika. Ukitaka 0.1 ya vitu vya kawaida ni sehemu 1 kwa 49. Kwa unga wa asilimia 70, gramu 7 hivi kwenye lita 1 inakupa 0.5. Pimeni na kikombe chenye alama. Na tafadhali klorini isichanganywe na dawa ya choo yenye asidi wala kitu chenye amonia, inatoa gesi inayochoma mapafu, na isipulizwe hewani kwenye wadi yenye watu, haisafishi vizuri hivyo na inaumiza.

Dawa za jamii ya kwati, zile zenye maneno kama benzalkonium kwenye kibandiko, zina shida yao. Zinashikwa na pamba. Unachovya kitambaa cha pamba kwenye ndoo, nyuzi zinainyonya dawa, kinachobaki kwenda kwenye meza ni hafifu. Tumieni vitambaa ambavyo mtengenezaji wa dawa amevikubali. Tena Pseudomonas, Serratia na Burkholderia wameshakutwa wakiishi ndani ya dawa hizi zikiwa zimezimuliwa, hasa kwenye chupa za kupulizia ambazo zinaongezewa juu kwa juu bila kuoshwa. Ukitaka uhakika peleka dawa ya kwenye chupa maabara nayo iotheshwe, watu wanaotesha kila kitu wanasahau dawa.

Mopu iliyolala imelowa kwenye ndoo usiku kucha asubuhi inapaka bakteria sakafuni. Zifuliwe kwa maji ya moto, kiwango kinachotumika sana ni nyuzi 71 kwa dakika 25, alafu zianikwe zikauke kabisa kichwa kikiwa juu. Hakuna maji ya moto? Sabuni, klorini, kukausha, na ziwe nyingi za kubadilisha.

Na sehemu yenye uchafu unaoonekana haianzwi na dawa. Sabuni kwanza, hata klorini ya asilimia 0.5 haipiti kwenye damu iliyokauka.

Vidonda vya upasuaji vinatunga usaha ingawa vifaa "vimepita otokleivu"

Kupita otokleivu, ile mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke wa moto, sio kutakasika. Ile tepu inayobadilika mistari inakuambia pakiti iliona joto, haikuambii mvuke ulifika ndani kwa muda wa kutosha. Uhakika unatokana na kipimo cha Geobacillus stearothermophilus, mdudu mwenye spora ngumu anayewekwa humo makusudi, akifa ndo mzunguko umefanya kazi, na kwa mashine zinazovuta hewa kwanza kuna kipimo cha Bowie-Dick kila asubuhi, cha kuona kama hewa inatoka na mvuke unapenya.

Tazama ndani ya pakiti. Ikitoka imelowa hiyo sio tasa, unyevu unabeba bakteria kupitia kitambaa mara tu ikiwekwa mezani. Inalowa kwa sababu mashine imeshindiliwa, pakiti zimelaliana, seti ni nzito mno, au mtu ametoa fasta kwa sababu daktari anasubiri na kuziweka kwenye meza ya baridi. Sababu nyingine ni kifaa kuingia kichafu: fungua bawaba ya mkasi uangalie kwenye maungio na mwanga mzuri. Damu iliyokauka pale inamfunika mdudu. Vifaa vilowekwe au vipuliziwe visikauke mara tu baada ya kazi, vifunguliwe, visuguliwe kwa brashi chini ya maji, visuuzwe, vikaushwe. Nyuzi 121 kwa dakika 30 kwa vilivyofungwa kwenye mashine ya kawaida, na saa inaanza kuhesabiwa joto likishafika, sio ulipobonyeza kitufe.

Endoskopu

Hizi, ile mipira yenye kamera ya kuingizwa mwilini kuangalia ndani, zinastahili kesi yake. Haziwezi kupikwa kwenye otokleivu nyingi zao, zina mirija myembamba mirefu, na zile za kuingia kwenye mirija ya nyongo zina kile kidude kidogo kinachoinuka mwishoni chenye kona ambazo brashi haifiki. Mwaka 2015 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari baada ya wagonjwa kuambukizwa bakteria sugu kupitia hizo, na hospitali nyingine zilikuwa zimefuata maelekezo yote ya mtengenezaji. Mkipata wagonjwa wawili wenye mdudu sugu wa aina moja waliopita kwenye skopu moja, itoeni kazini kwanza, maswali baadaye. Kagueni kama inasafishwa pale pale kitandani kabla haijakauka, kama brashi ni ya saizi sahihi, kama kuna mchubuko ndani ya mrija, na zaidi ya yote kama inakaushwa, hewa ipitishwe ndani ya mirija angalau dakika 10 na itundikwe wima. Skopu inayohifadhiwa kwenye begi lake ikiwa na unyevu inaotesha bakteria usiku.

Majibu ya maabara na hali ya wagonjwa havifanani

Upande wa kwanza, damu za wagonjwa watano zinaotesha Bacillus au Burkholderia lakini hakuna hata mmoja mwenye homa. Kabla ya kuanzisha antibayotiki za gharama uliza damu ilitolewaje. Inawezekana pamba zimelowekwa kwenye kopo la dawa ya ngozi tangu juzi na mdudu anaishi humo humo, au chupa ya kuoteshea ilifunikwa na kidole, au shida iko maabara kwenyewe. Wadudu wapo ila hawako kwenye damu.

Upande wa pili, wagonjwa wanaambukizwa kweli na swabu zote za wadi ni safi. Uliza swabu ilichukuliwa lini na kwa nini. Ikichukuliwa dakika tano baada ya kupangusa, dawa iliyobaki inaingia kwenye swabu na kuendelea kuua wadudu njiani, majibu yanatoka safi ya uongo. Swabu iwe na kitu cha kuzima dawa, thiosalfeti kwa klorini, lesithini na polisorbeti kwa kwati. Ile mashine ya kupima ATP inayotoa namba papo hapo ni nzuri kufundishia lakini haijui bakteria, inapima mabaki ya kitu chochote chenye uhai, juisi ya mgonjwa itapandisha namba na klorini iliyobaki inaweza kuishusha. Kiwango kinachotumiwa na wengi kwa sehemu za kuguswa mkono ni kisizidi koloni 5 (vikundi vya bakteria vinavyoota maabara) kwa sentimita 1 ya mraba, na ukiona hata MRSA mmoja haijalishi jumla ni ndogo kiasi gani. Kuchukua swabu ovyo wadi nzima kila mwezi bila swali ni kumalizia hela, chukua pale ramani yako inapokuelekeza.

Mkishapata chanzo na kukirekebisha msitangaze ushindi kwa swabu ya kesho yake. Kwa vitu vikavu rudieni baada ya wiki moja, kwa masinki na mashine za maji rudieni baada ya wiki, baada ya mwezi, na tena mwezi wa tatu, maana utando unajenga taratibu na swabu ya mapema kwenye kiwiko kipya karibu siku zote inatoka safi.